Matundu Manne ya Shangazi Immaculata

Shangazi yangu Immaculata alikuwa mkulima wa tumbaku, mke wa Telesfori mrina asali, na mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki kijijini kwao, mwendo wa baiskeli kutoka Mpanda. Hakuwa mtu wa kudeka. Mwaka 1998, baada ya kuugua tumbo miaka miwili, alipanda treni kwenda hospitali moja ya mbali ambako madaktari wageni walikuwa wamekuja na mitambo mipya. Wakamtoa mfuko wa nyongo uliojaa mawe bila kumpasua tumbo zima. Walitoboa matundu manne tu, madogo, wakapitisha humo kamera na vyuma vyao. Siku ya tatu alitembea mwenyewe hadi stesheni.

Alipofika nyumbani Telesfori alikuwa porini na mizinga yake, kwa hiyo aliyekuja kumwogesha ni Josephina, rafiki yake tangu mafundisho ya kipaimara.

“Mama Sixte, hapa ndo ulipopasuliwa?”

“Ndo hapo.”

“Hapa penyewe?”

“Walipitisha kamera, Mama Gervas.”

Josephina akachukua kopo. Alimmwagia maji taratibu, akamkausha vizuri. Jumapili akaenda kwenye jumuiya akawaambia wenzake kwamba mwenyekiti ana chale tumboni, nao wakamsimamisha uenyekiti.

Ni kweli matundu yale yanafanana na chale. Mganga huzichanja ndogo ndogo kwa wembe, akapaka dawa nyeusi, na kiongozi wa kanisa akikutwa nazo anavuliwa cheo. Shangazi mwenyewe aliwahi kumsimamisha mama mmoja kwa kosa hilo, na simsafishi. Lakini yeye alimkabili yule mama uso kwa uso. Josephina aliona akiwa ameshika sabuni, akanyamaza, akaenda kusemea kwingine.

Siku ya saba homa ikapanda. Macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na karatasi ya hospitali ilisema wazi kwamba akiona hayo arudi haraka. Akamwomba Josephina amtafutie mtu wa baiskeli ampeleke stesheni. Josephina akakaa kitandani, akamshika mkono.

“Nitajie tu huyo mganga, dada. Tukurudishe kwake akufungue.”

“Nimekwambia nilipasuliwa.”

“Mtu aliyepasuliwa tunamjua, bwana. Anakuwa na mshono.”

Siku mbili zikapita hivyo. Wanawake aliowaongoza miaka sita hawakukanyaga pale, hata kumletea uji. Telesfori aliporudi alimkuta anaweweseka. Hakunawa hata moshi wa kufukuzia nyuki. Alimfunga kwa kitenge kwenye baiskeli akasukuma hadi stesheni ya mjini.

Kule hospitali walikuta nyongo inavujia tumboni. Safari hii walimpasua kweli, wakamwachia mpira wa kutolea uchafu ubavuni, akalala huko wiki sita. Alirudi amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, chakula chake hakitiwi mafuta. Nilihamia kwake kumsaidia. Mvua zilipoanza aliweza kuinama kidogo kwenye matuta ya tumbaku, na nikajua atapona.

Ndipo Josephina alipokuja, na kuku mkononi. Nilikuwa namenya mihogo hapo hapo.

“Watu wako tayari kukurudishia uenyekiti,” alisema. “Baba Sixte kasema sasa una mshono mrefu. Nionyeshe tu mara moja, nikawathibitishie.”

Ningekuwa mimi ningefunua lile tumbo nimwonyeshe, kisha nimfukuze na kuku wake. Shangazi akakaza kitenge kiunoni.

“Josephina.” Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo; siku zote alikuwa Mama Gervas. “Mara ya kwanza uliniuliza, nikakujibu.”

“Najua. Lakini sasa kuna kitu cha kuonekana.”

“Jibu ni lile lile.”

“Mama Sixte, mimi nataka kukusaidia. Nisipowaambia nimeona, watasemaje?”

“Waambie nilikwambia.”

Josephina alingoja, macho kwenye kile kitenge. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso wa Shangazi. Alipoona hakifunuliwi akaaga. Jumuiya ikachagua mwenyekiti mwingine. Shangazi akapona kabisa, akalima, akavuna, na kanisani akawa anakaa benchi la nyuma peke yake.