Andika Mama wa Nyumbani

Sokoni walimwita Maji Moto, kwa sababu hilo ndilo neno alilolipigia kelele kutwa nzima. Kazi yake ilikuwa kunyonyoa kuku. Mzee mmoja mwenye kisu alichinja, naye akawachovya kwenye pipa la maji yanayotokota, akang'oa manyoya, akapasua, akatoa utumbo, akatenga maini na firigisi. Nyongo aliitoa kwa ncha za vidole, taratibu, maana nyongo ikipasuka huna tena nyama ya kumuuzia mtu. Wateja wenye viatu safi walisimama mbali wameziba pua. Yeye alikunywa chai palepale, kikombe juu ya ukingo wa beseni la matumbo, na chai ilishuka vizuri.

Si kwamba hakujua kinyaa. Alikijua, tena chake kilikuwa kikali, ila hakikuwa cha kuku. Kuku ukimfungua ni kama kabati lililopangwa, kila kitu mahali pake. Kilichompindua tumbo Maji Moto ni sikio la shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mumewe, aliitwa Mwenyekiti, kwa kuwa aliongoza kila kikao cha ukoo na hakuna aliyekumbuka kumchagua. Alikuwa na ufunguo wa pikipiki. Pikipiki yenyewe iliuzwa zamani. Ufunguo ukabaki wa masikio. Aliutia sikioni, akauzungusha jicho moja limefumba, akautoa, akautazama kwa makini kama mtu anayesoma habari za ulimwengu, kisha akaufuta kwenye suruali. Simu ikilia, aliipeleka kwenye sikio hilohilo. Na simu hiyohiyo, ikiwa bado na joto na unyevu wa shavu lake, ndiyo aliyopewa Maji Moto aongee na mumewe.

Maana mumewe, aliyekwenda ng'ambo kutafuta maisha, hakumpigia mkewe. Alimpigia kaka yake. Maji Moto alikuwa na simu yake, nzuri tu, lakini tangu mume aondoke utaratibu ulikuwa huo: aitwe nyumbani kwa Mwenyekiti, sauti iwekwe juu, ukoo usikie. "Umeshindaje?" "Salama." "Watoto?" "Wazima." Kisha simu ilinyakuliwa. Zipo ndoa za namna hii katika kila mji ambao watu wake huondoka, ndoa zinazoishi ndani ya simu ya mtu wa tatu. Walio ndani yake huzoea, kama mtu anavyozoea kulala taa inawaka. Maji Moto naye alizoea. Alifuta simu kwa upindo wa gauni, akaishika kwa vidole viwili, akaongea.

Mwezi ule mwenye kibanda walimochinjia na kunyonyolea kuku alitangaza kwamba anakiuza. Alikuwa amechoka, anakwenda kukaa kwa binti yake, na muuza vifuniko vya simu alishakuja mara mbili kupima mlango kwa mikono.

"Wewe ndiye uliyekaa humu," mwenye kibanda alimwambia Maji Moto. "Nakungoja mpaka kesho, Ijumaa jioni. Baada ya hapo usininunie."

Alisema hivyo siku ya Alhamisi, lakini mazungumzo yalianza wiki kadhaa nyuma. Maji Moto alishaweka akiba, ikabaki robo tu ya bei kutimia. Mzee wa kisu alimwambia anayo hiyo robo, waingie ubia. Akamkatalia kwa adabu: "Hapana, mzee wangu. Hiki nataka kiwe changu na baba watoto. Akirudi akute kitu."

Habari ikafika ng'ambo kupitia sikio la Mwenyekiti, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Wafungue akaunti ya pamoja. Mke aweke akiba yake, mume ajazie, kibanda kilipwe kutoka benki kama wanavyofanya wastaarabu. Maji Moto alifurahi kuliko alivyotaka watu wajue. Neno "pamoja" alilitafuna siku kadhaa kama mua, na utamu haukwisha.

Ijumaa asubuhi alinawa kwa sabuni, akanawa kwa ndimu, akachokoa kucha kwa njiti ya kiberiti, akavaa gauni la sherehe. Pesa alizitia kwenye mkoba, mkoba akaubana kwapani. Mwenyekiti alimngoja barabarani amechomekea shati.

"Shemeji, lete nikubebee huo mkoba. Mwanamke na mkoba, vibaka wanaona mbali."

"Utachoka bure, shemeji. Wewe beba hewa."

Benki ilikuwa na baridi ya mashine na harufu ya zulia jipya. Ofisa wa dawati la wateja, ndani ya chumba kidogo cha kioo, msichana mwenye kucha ndefu zilizogongagonga vibonye, alinusa mara moja. Akasukuma kiti chake nyuma, magurudumu yakalia, akafungua droo, akapuliza marashi ya kopo hewani huku anatabasamu.

"Mama, dirisha la kulipia umeme ni lile kule."

"Sijaja kulipa umeme. Nimekuja kufungua akaunti na mume wangu. Yuko nje."

"Mwambie aingie basi."

"Nje ya nchi."

Kiti kikarudi mbele. "Jamani, dada yangu! Si ungesema mapema? Karibu, karibu sana. Nikuletee maji ya baridi? Au chai?"

Harufu ilikuwa ileile, na pua ileile. Maji Moto alihisi mate yakimjaa kinywani, yale mate membamba yanayotangulia kutapika. Akayameza. Alikuja kwa ajili ya kibanda.

Mwenyekiti alishaketi, mguu juu ya mguu, ufunguo sikioni.

"Na huyu mzee ni nani?" ofisa akauliza.

"Mimi ndiye msimamizi."

"Mwenye akaunti?"

"Mwenye mwenye akaunti."

"Samahani, mzee. Wakati wa maswali wanakaa wenye akaunti peke yao. Ndio utaratibu."

Mwenyekiti alitoka akiacha mlango wazi kidogo. Ofisa akainuka akaufunga. Mzee akabaki nyuma ya kioo, pua imebanwa, pumzi yake ikichora duara la ukungu. Maji Moto aliligeuzia mgongo duara lile. Ikamjia kwamba tangu mumewe apande ndege hajawahi kuongea naye bila mtu huyu. Moyo ukamwenda mbio kama wa mchumba.

Ofisa akampigia mume simu ya video, sura yake ikajitokeza kwenye kompyuta. Alivaa koti ambalo mabega yake yalikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa amenenepa mashavu na kukonda shingo. Na nyuma yake, kwenye kona ya chumba kisicho na dirisha, palikuwa na ndoo ya deki na mpini wake.

Ukoo mzima uliambiwa yeye ni msimamizi wa ofisi. Maji Moto aliitazama ndoo ile, akahisi kitu kikilegea kifuani. Kumbe wote wawili walikuwa watu wa ndoo. Alitaka kumuuliza kama sabuni ya huko nayo inapasua mikono, na anapaka nini usiku.

Mume akaona macho yake yalipo. Bila kugeuka akaipiga ndoo teke, ikatoka kwenye picha. Maji yakasikika yakimwagika.

"Leo ofisini kwetu pilikapilika," akamwambia ofisa. Halafu akatabasamu. "Mke wangu kipenzi, hujambo?"

Hajawahi kumwita hivyo. Nyumbani alimwita "we". Ofisa akashika kifua: "Jamani, mapenzi hayo!" Maji Moto akajisikia kama mtu aliyetafuna unywele ndani ya chakula na sasa anauvuta, nao hauishi.

Maswali yakaanza. Majina, tarehe za kuzaliwa, anwani.

"Kazi ya mke?"

"Nanyonyoa kuku," Maji Moto akasema. "Sokoni."

Kucha zikasita juu ya vibonye. Mume akacheka, kicheko kirefu kisichokuwa na furaha.

"Mke wangu huyo anapenda utani. Andika mama wa nyumbani."

"Si utani."

"Andika mama wa nyumbani, dada. Hayo ya kuku ni ya kupoteza muda tu. Matumizi ya nyumba natuma mimi."

"Ulituma lini mara ya mwisho, baba watoto?"

"Mbele za watu?" mume akasema kwa sauti ya chini, macho yakimtazama ofisa.

Kucha zikagonga. Mama wa nyumbani.

"Na pesa hizi za kufungulia, chanzo chake?"

"Mume," mume akasema.

"Kuku," Maji Moto akasema.

"Tuandike mume, dada yangu," ofisa akanong'ona kwa huruma, kama anayemsitiri mtu aliyevaa nguo nje-ndani. "Inapita haraka. Ya mwisho sasa. Kutoa pesa, sahihi ya mmoja wenu inatosha, au lazima wote wawili?"

"Mmoja," Maji Moto akajibu. "Kibanda nalipa leo jioni. Yeye yuko mbali."

"Wote wawili," mume akasema. "Kwa upande wangu atasaini kaka. Barua ya kumruhusu alishaileta hapo."

"Ndiyo, naiona hapa kwenye faili, ililetwa wiki iliyopita," ofisa akathibitisha.

Kwa hiyo leo hii pesa za kuku zingeingia mle, na ili zitoke ingembidi aje na mtu wa nyuma ya kioo. Akiona vema, atasaini. Akinuna, kibanda kitauza vifuniko vya simu.

"Kwa nini?" Maji Moto akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Tuko wawili. Kwa nini nisitoe pesa yangu mpaka kaka yako atake?"

Mume akaangalia upande mmoja wa chumba chake, akaangalia upande wa pili, kama mtu aliyepoteza kitu. "Kaka yuko wapi? Mwite kaka akueleze."

"Nimekuuliza wewe."

"Hayo anayajua kaka. Niitie kaka."

Ilikuwa sauti ya mtoto aliyepotezana na mamaye sokoni. Miaka yote Maji Moto aliamini kwamba kati yake na mumewe amesimama mtu, na mtu huyo akiondoka, nyuma yake atamkuta mume. Leo mlango umefungwa, mtu yuko nje ya kioo, na mume bado hayumo.

Hasira ingemsaidia, angalau ingempasha mwili joto mle ndani ya baridi ya mashine. Haikuja. Kilichokuja ni kinyaa, kizito, cha tumboni. Mara chache sana kazini aliletewa kuku mwenye ngozi nzuri, mnene, na alipompasua alikuta ndani kumeshageuka kijani. Kuku wa namna hiyo haoshwi wala hatiwi chumvi.

"Saini hapa, dada yangu, na hapa," ofisa akasema, akisogeza kalamu.

Maji Moto akasimama, akaubana mkoba kwapani. "Futa."

"Nifute nini?"

"Yote. Huyo mama wa nyumbani mimi simjui. Akija, mfungulie yeye."

"We!" Kipenzi kilikuwa kimekwisha. "We mwanamke! Unaniaibisha mbele ya benki!"

"Rudi ukafute maji uliyomwaga, baba watoto. Utateleza."

Nje, Mwenyekiti alikuwa tayari na kalamu yake mwenyewe. "Mmemaliza? Iko wapi karatasi nisaini?"

"Imeshindikana."

"Imeshindikanaje? Na nauli yangu? Nitaitisha kikao!"

"Itisha, shemeji. Ukae wewe na ufunguo wako."

Simu ya Mwenyekiti ikalia. Akaisikiliza kidogo, uso ukamkunjamana, akainyoosha kwa Maji Moto. "Huyu hapa. Ongea naye."

Kioo cha simu kilikuwa na alama ya sikio, yenye mafuta, mikunjo yote ikionekana. Kutoka ndani yake sauti ndogo ilikuwa inalia: haloo, haloo, kaka, haloo. Maji Moto aliitazama alama ile kwa muda, akashangaa ameipeleka shavuni kwake mara ngapi.

"Namba yangu anayo," akasema, akashuka ngazi.

Sokoni alivua gauni la sherehe, akavaa la kazi. Kabla ya kugusa chochote alichota maji, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akakamua ndimu iliyobaki, akasugua shavu la kulia, akarudia.

Mzee wa kisu alimtazama, kuku mkononi ameshamchinja. "Mbona unanawa kama daktari? Si unakwenda kuchafuka sasa hivi?"

"Nimetoka benki."

Mzee akamweka kuku mezani, akamfuata mwingine.

"Ile robo yako, mzee wangu, bado ipo?"

"Ipo. Ila nikutahadharishe, mimi asubuhi huwa mkorofi."

"Nakujua."

"Na mke wangu atataka kuja kukagua. Yule hapitwi na jambo."

"Aje," Maji Moto akasema, akimchovya kuku kwenye pipa. "Ila aje mwenyewe. Asitume mtu."