Siku Mwalimu Okeyo Aliponipeleka Sori

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo sijawahi kumsimulia mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Nimezeeka nayo. Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Okeyo kwao, kisiwani Mfangano, na nilipokuwa narudi kwa boti, miguu imevimba na koti limelowa maji ya ziwa, niliona kwamba sasa tumebaki wawili tu tunaoijua siku hiyo, mimi na mwanamke mmoja. Yeye hatasema. Basi acha niseme mimi, na nikipumzika katikati unisamehe. Siku hizi hata kuongea kunachosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha, kama ujuavyo, na kazi yangu ya kwanza ya ualimu ilinipeleka ziwani, kwenye shule moja ya msingi mwendo wa saa moja kutoka Sori, mji mdogo wa wavuvi. Kijaluo sikukijua zaidi ya salamu. Darasani nilifundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na kila nilipogeukia ubao kulikuwa na mtoto aliyeniiga ninavyotamka maneno, na wenzake wakacheka. Ni watoto tu. Lakini kijana mwenye cheti kipya na viatu vipya hapendi kuchekwa, na mimi nilikwenda kulala na kicheko hicho na kuamka nacho.

Mwalimu Okeyo alifundisha darasa la saba, chumba cha pili kutoka changu. Alikuwa amekaa jeshini miaka tisa, mingi yake huko kaskazini kwenye jua na mchanga, kisha akaacha, akaingia chuo cha ualimu akiwa na umri ambao wenzake tayari walikuwa walimu wakuu. Aliishi na mkewe, Mama Elisha, na watoto wao watano katika nyumba ya shule. Kengele ya chai ikilia, sisi wengine tulienda ofisini kupiga porojo. Yeye alivuka uwanja kwenda kumbeba mtoto mdogo ili mkewe amalize kufua. Walimu walimcheka kwa hilo. Nami nilicheka. Zaidi ya yote nilishangaa kwamba hakuwa na kiboko. Nilijiuliza, huyu alikuwa askari wa namna gani?

Katika darasa langu la tano kulikuwa na msichana aliyeitwa Awino, mwembamba, mtulivu, binti wa mvuvi wa Sori. Ukimwita haitiki. Ukimwuliza swali anaangalia dirishani. Nilimwandika moyoni kuwa mjeuri. Niliamini kabisa kwamba alikuwa anasema, kwa kunyamaza kwake, kwamba mimi Mkuria si mwalimu wa kumfundisha yeye.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye hesabu. Nilisimama ubavuni mwake, upande wa kushoto, nikamwita aende ubaoni. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Mara ya tatu darasa zima likaangua kicheko, na mtoto mmoja nyuma akaliita jina lake kwa sauti yangu, vilevile ninavyolitamka. Sikufikiri. Nilimpiga Awino kofi la sikio kwa mkono wazi, kwa nguvu zangu zote.

Hakulia. Alianguka juu ya deski, akainuka, akashika sikio. Alipotoa mkono, kiganja kilikuwa na damu na maji ya manjano. Akakusanya madaftari yake moja moja, taratibu, kama mtu anayefunga safari, akatoka. Darasa lilikuwa kimya sasa. Huo ndio ukimya niliokuwa nautafuta wiki zote zile, na nilipoupata niliogopa.

Mwalimu Okeyo alikuwa mlangoni pa darasa lake. Alimwona akipita. Aliniangalia mara moja tu, akarudi ndani kufundisha.

Siku ya kwanza Awino hakuja. Ya pili na ya tatu pia hakuja. Siku ya nne, Ijumaa, wakati wa chai, Mwalimu Okeyo hakuvuka uwanja kwenda nyumbani. Alikuja kwangu.

"Mwalimu Mwita, baba yake Awino amepata nyumba Migori ya kumpeleka akawe msichana wa kazi. Anaondoka kesho. Masomo yakiisha leo tunaenda Sori, mimi na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba msamaha."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kabisa. "Mwalimu akimwomba mtoto msamaha, Jumatatu atafundisha nani? Watanipanda kichwani."

"Inawezekana," alisema. "Vaa kofia. Jua la leo ni kali."

Hakunisihi, wala hakunitisha kwamba atanipeleka kwa mwalimu mkuu. Saa ya kufunga shule nilimkuta amesimama njiani ananingoja, na miguu yangu ikamfuata huku moyo ukikataa.

Tulipoanza kutembea nilikaa mkono wake wa kushoto. Akanizunguka akanihamishia kulia. Nilishamwona akiwafanyia wengi hivyo, nikidhani ni desturi ya jeshi.

"Kaa huku," alisema. "Sikio lile lingine limekufa. Lori lililokuwa mbele yetu lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Mimi nilipona, nikabaki na hili moja." Tukaenda hatua kadhaa. "Awino naye ana moja. Hujamwona anavyogeuza uso mtu akizungumza? Ndivyo ninavyogeuza mimi."

Nilisimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimemwangalia miezi miwili. Nilitaka niwe na hakika kwanza." Alisema hivyo bila kuniangalia. "Kwa hiyo kosa hili si lako peke yako. Ndiyo sababu nakuja nawe."

Tuliendelea. Njia ile haina kivuli. Baada ya muda alinisimulia jambo ambalo sikumwuliza. Alipotoka jeshini, alisema, alirudi Mfangano akiwa mtu mbaya wa kukaa naye. Kelele ndogo ilimfanya aruke. Siku moja Elisha, kifungua mimba wake, mtoto wa miaka minne, aliangusha sufuria jikoni, na yeye kabla hajajua amefanya nini alikuwa ameshampiga. Mtoto akajikojolea pale pale, amesimama, anamtazama.

"Nilishawahi kuona watu wazima wakitazama hivyo," alisema. "Huko kaskazini. Sikutaka kuona tena, na nikaona nyumbani kwangu, kwa mtoto wangu, na anayetazamwa ni mimi."

"Ukafanya nini?"

"Siku tatu sikufanya kitu. Nilisema ni mtoto, atasahau. Alikuwa akinisikia nakohoa anaenda nyuma ya nyumba. Siku ya nne mama yake akaniambia, 'Baba Elisha, ulirudi kutoka vitani au ulikuja navyo vita nyumbani?' Basi nikamfuata mtoto nyuma ya nyumba, nikakaa chini, nikamwambia nimekosa. Nilikuwa nimesimama mbele ya makanali, Mwita, na sijawahi kutetemeka vile."

Tulifika Sori jua likiwa bado juu. Omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye nyavu kila mahali, na ile harufu ilinishika kooni. Baba yake Awino, Mzee Ochola, alikuwa ameketi mbele ya nyumba anashona wavu. Alimpa Mwalimu Okeyo mkono. Mimi hakunipa. Akaanza kwa Kijaluo, kisha akageukia Kiswahili ili nielewe kila neno.

"Huyu ndiye mwalimu ya kupiga? Amekuja kumalizia?"

"Amekuja kuongea na mtoto," alisema Mwalimu Okeyo.

"Mtoto hasikii. Mimi najua hasikii, mama yake anajua. Shule itamsaidia na nini? Kesho anaenda Migori. Huko kuosha vyombo haitaki masikio."

Mama yake akamtoa Awino nje. Alikuwa na kitambaa kimefungwa kichwani, kimefunika sikio. Aliponiona akarudi nyuma ya mama yake, na hapo nikayaona yale macho niliyokuwa nimesimuliwa njiani.

Nilimtazama Mwalimu Okeyo anisaidie. Hakunisaidia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, anangoja. Basi nikachuchumaa kwenye mchanga, upande wa kulia wa mtoto, na viatu vyangu vipya vikajaa mchanga.

"Awino," nilisema, "nilikupiga na hukuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi. Naomba unisamehe."

Aliniangalia mdomo, si macho. Alikuwa anasoma midomo yangu, kumbe siku zote ndivyo alivyokuwa akifanya.

"Utanipiga tena?"

"Hapana."

Akafikiri. Kisha akasema polepole, kama anayetoa maelezo aliyokuwa ameyaweka tangu siku ile: "Nilidhani unaita mtu mwingine."

Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili na mke wangu. Hakuna neno lililonipiga kama hilo.

Mzee Ochola aliacha kushona. Mwalimu Okeyo akamwambia kwa Kijaluo kwamba angempeleka mtoto hospitali ya misheni pamoja na baba mwenyewe, sikio liangaliwe, na baada ya hapo baba aamue. Maneno hayo alinitafsiria baadaye. Mzee akajibu kwa Kiswahili, akinitazama mimi kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu kuomba mtoto msamaha, hiyo mimi sijaona. Mama Awino, leta viti. Watu wamechomeka na jua."

Migori hakwenda. Daktari alisafisha sikio na kutoa dawa, akasema sikio la kushoto halitasikia tena. Nilimwuliza kama ni kofi langu. Alisema ugonjwa ulikuwa wa zamani. Zaidi ya hapo hakusema ni kofi wala hakusema si kofi. Jibu hilo nimeishi nalo zaidi ya miaka arobaini. Nikiwa peke yangu bado naliuliza.

Awino alirudi darasani. Nilimketisha pembeni, ukutani, sikio lake zuri likiwa upande wangu. Alimaliza shule ya msingi, akaenda shule ya wasichana kule Asumbi, na baadaye akawa karani Homa Bay mpaka alipostaafu. Tukikutana ananisalimu kwa heshima. Hatujawahi kuizungumza siku ile. Watoto, ukitaka kujua, hawakunipanda kichwani. Waliniiga kama kawaida, na siku moja nikajikuta nacheka nao.

Lakini sitaki udhani nilitoka Sori nikiwa mtu mwingine. Nilipiga watoto tena, mara mbili, miaka iliyofuata, na mara zote mbili nilijua ninachofanya. Siku hizi sheria imekataza kiboko na ni vizuri, sisi tulihitaji kukatazwa. Kuna jambo baya zaidi, nalo ndilo linalonichosha. Lile nililojifunza Sori nililiacha shuleni. Sikulileta nyumbani.

Kule Mfangano, siku ya mazishi, Elisha alisimama mbele ya jeneza la baba yake. Ni mzee sasa, ana mvi kuliko mimi. Viongozi walikuwa wamesema mengi juu ya askari shujaa na mwalimu hodari. Yeye alisema kidogo. "Baba yetu alikuwa akikosea, anatuita mezani sote, na mama, anasema, 'Leo nimekosa,' anataja kosa. Nikiwa mtoto nilidhani baba wote hufanya hivyo." Kisha akaketi.

Wewe nakuita mwanangu kwa mapenzi tu; mwana niliyemzaa ni Marwa. Unamfahamu kwa jina tu, kwa sababu haji hapa. Yuko Nairobi. Akiwa kidato cha tatu alisingiziwa kuchoma bweni. Nikamwita mhalifu na mhuni mbele ya wajomba zake, nikakataa kumsikiliza. Baadaye ukweli ukajulikana kwamba hakuwepo. Nilimnunulia baiskeli. Neno lenyewe sikulisema. Nilidhani ameelewa. Miaka imepita, ananipigia Krismasi, ananiuliza mvua imenyesha, tunaagana.

Nilipofika nyumbani kutoka mazishini, kabla hata sijavua koti, nilichukua simu nikampigia. Nikamwambia, "Marwa, lile jambo la bweni. Nilikukosea. Nilipaswa kukusikiliza, na nilipojua ukweli nilipaswa kukuambia." Kisha akaniuliza, "Baba, umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kula kwanza. Nitapiga kesho." Na kesho yake alipiga. Hatukusema makubwa. Nimemsubiri aje; hajaja bado, na simlaumu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, sina nyingine iliyobaki. Usimhukumu mtu kwa kunyamaza kwake kabla hujamwuliza kwa nini ananyamaza. Na ukimkosea aliye mdogo kwako, awe mwanafunzi, awe mtoto wako, awe mtu unayemwajiri, usimtumie zawadi, usingoje asahau. Nenda kwa miguu yako, shuka ufikie urefu wake, ulitaje kosa kwa jina lake. Utatetemeka. Nenda hivyohivyo, na nenda mapema, kabla magoti hayajawa kama haya yangu. Heshima unayoogopa kuipoteza haitapotea huko.

Mungu aliyemrudisha Mwalimu Okeyo salama kutoka kaskazini akulinde na wewe. Akupe mtu wa kukusindikiza siku utakapoogopa kwenda peke yako. Akupe watoto watakaokuita uketi nao wakiwa wakubwa, nawe ukiwa umechoka, na mkono wako uwe wa kukimbiliwa, si wa kukimbiwa. Sasa nipe hiyo fimbo yangu, nataka kulala kidogo.