Kifungu cha Tisa

Kapteni Zahari Tabakov alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na katika miaka thelathini na moja ya kurusha ndege hakuwahi kusema neno kwenye mkutano wa chama cha marubani. Kila mara alikaa safu ya nyuma, akala banitsa yake ya jibini, akapiga kura, akaenda zake.

Jumamosi moja marubani themanini na sita wa shirika lao la ndege walikutana Sofia, kwenye ukumbi ulio juu ya gereji, kuamua kama waikubali ofa ya mshahara. Waliomba nyongeza ya asilimia kumi na nane. Walipewa sita, na hiyo igawanywe kwa miaka mitatu. Wakikataa, ni mgomo. Wenye umri wa Zahari walipewa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na wake ulikuwa unaisha mwezi ujao. Shirika lingeweza kumwacha bila hata kutoa sababu.

"Sita si ya kujivunia, lakini inaingia mfukoni," alisema Plamen, mwenyekiti wa chama. "Tumalize tukale."

"Mfuko gani? Mke wangu ameshaitumia jana," mmoja akasema. Wakacheka bila raha.

Ili kuharakisha, Plamen akasoma ofa kwa mtindo wa kazini: yeye anataja kifungu, ukumbi unaitikia, kama wanavyosoma orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka.

"Mshahara wa msingi."

"Sawa."

"Posho ya chakula."

"Sawa."

Walipofika kifungu cha kumi na moja, Zahari akagundua kwamba naye ameitikia mara kumi na moja, na karatasi bado imekunjwa magotini pake. Akaona haya. Kosa hilo alilikemea kwa kila rubani mpya aliyepita mikononi mwake: mdomo unajibu, jicho halijatazama swichi.

Akasimama. "Rudi mwanzo."

"Bai Zahari," Plamen akasema, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa, "watu wana njaa."

"Hata mimi. Desislava, soma wewe. Na safari hii kila mtu aweke kidole kwenye mstari kabla ya kujibu."

Desislava Yoncheva, rubani msaidizi aliyezoea kuruka naye, akasoma polepole. Kwenye kifungu cha tisa akasita.

"Mapumziko kati ya zamu na zamu yatakuwa ya muda wa saa kumi badala ya kumi na mbili, pale kazi itakapohitaji." Akainua uso. "Nani ataamua kwamba kazi imehitaji?"

"Wao," mtu akajibu.

"Basi hii si nyongeza. Wananunua usingizi wetu, tena kwa bei ya kutupa."

Plamen alikuwa amewiva uso kwa aibu. "Niliisoma," akasema. "Yaani, niliipitia."

"Uliipitia kama unavyopitia taa nyekundu," mtu akamtupia.

Plamen akamsogelea Zahari, akashusha sauti. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao, bai. Kaa, sisi tutamalizia. Hakuna atakayekulaumu."

Zahari hakukaa. Alisema jambo ambalo hata Snezhana, mkewe, hakuwahi kulisikia.

"Februari iliyopita niliteremsha ndege Burgas, ina watu mia na arobaini. Dakika tano za mwisho sizikumbuki. Magurudumu yalipogusa ardhi ndipo nikajua nimefika. Na siku hiyo nilikuwa nimepumzika saa zangu kumi na mbili kamili."

Desislava alikuwa anamtazama. Huenda alikuwa anajiuliza kama siku hiyo ni yeye aliyekaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

Walipopiga kura, kumi na watano waliikubali ofa, sabini na mmoja wakaikataa. Barua ya kukataa ikaandikwa hapo hapo. Kwa kawaida yao sahihi hufuata ukongwe kazini, na mkongwe kuliko wote alikuwa Zahari.

"Leo tufuate alfabeti," Plamen akapendekeza. "Jina lako litajificha huko chini."

"Tufuate tulivyozoea."

"Watakuona wa kwanza, bai."

"Ndiyo maana."

Akatia sahihi juu kabisa, na pembeni yake akaandika namba ya mkataba wake, ili shirika lisipate taabu ya kuitafuta. Kisha akampa kalamu aliyemfuata.