Karibu ya Rangi Zote

Huyu ndiye Mwanachuo, nyumba nzima humwita hivyo: mjukuu wa fundi aliyeshona sare za shule tatu, binti wa dereva aliyeendesha lori miaka ishirini bila kugonga hata kuku, na wa kwanza katika ukoo kuingia chuo. Ijumaa anatakiwa amwonyeshe mwalimu tovuti yake ya kwanza, la sivyo arudie mwaka. Kila asubuhi hukaa kwenye meza ya cherehani ya bibi yake, hufuta kompyuta kwa upindo wa gauni, huuma ukucha wa kidole gumba, kisha husema, "Hiki ndicho, Bibi. Hiki hakinitupi." Ni chombo kingine tena cha kutengenezea tovuti. Vile vya kupanga vipande vilivyo tayari anaviona vya kitoto. Vile vya kuandika kila mstari kwa mkono vinamtoa jasho. Bibi ameshaona neno "Karibu" la bluu, la kijani, la zambarau, wala hajaona ukurasa wa pili.

Leo, Alhamisi, Bibi alishindwa kunyamaza. "Mie nimeshona miaka arobaini kwa cherehani moja, tena mbovu. Shika chochote, mjukuu wangu, ushone."

Mwanachuo alicheka bila sauti. Safari hii "Karibu" ilikuwa nyekundu. Aliifuta herufi moja moja, akaifunga kompyuta taratibu, kama anayemfunika maiti uso. Kisha akamwekea bibi yake simu kiganjani na kuvikunja vile vidole vikongwe juu yake.

"Kesho mwalimu atapiga, Bibi. Mwambie naumwa. Wewe atakuamini."