Onyo kwa Shahidi wa Damu

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa mahakama ya Kolwezi alinikuta nimesimama mlangoni. "Sitwayen," akaniambia, maana siku zile sote tuliitana "raia", "majaji banasema Kifaransa, batu banasema Swahili. We unapitisha maneno tu. Usiongeze chumvi." Hiyo ndiyo kazi ya mkalimani, nami niliifanya mpaka nilipostaafu.

Mwaka wangu wa tatu ikaja kesi ya Ilunga, mchimbaji wa mtaa wa Musonoi aliyeshtakiwa kumuua mlinzi wa ghala. Akipatikana na hatia, adhabu ilikuwa kifo. Shahidi alikuwa mmoja.

Mjini watu walibishana. Mchungaji wetu wa Kiprotestanti alishikilia maneno ya Paulo, kwamba mtawala habebi upanga bure. Padri alijibu kwamba hata Kaini, aliyemuua ndugu yake, Mungu alimtia alama asiuawe. Mimi nilikwenda kununua wino kwa Tata Elia, Myahudi mzee aliyezaliwa kisiwa cha Rodi. Duka lake lilinukia kahawa na vitambaa vipya. Leo pale wanauza simu, lakini nikipita bado naisikia harufu ile.

"Torati yetu inaua," alisema, "lakini bazee betu baliogopa. Balitaka bashahidi babili. Na mbele ya shahidi kusema, balimutisha kwanza: kesi ya falanga, ya pesa, ukikosea, unalipa, inaisha. Kesi ya damu, utalipa na nini?"

"Na shahidi akiwa mumoja?"

"Arudie kwake, akalale!" Akacheka, akanifungia wino.

Siku ya kesi, jaji alimwapisha shahidi kwa Kifaransa, maneno machache. Nikayatafsiri, kisha nikaongeza yangu: "Tata, kesi ya falanga, mutu akikosea analipa. Hii ni ya damu. Uso wake uliuona?"

Shahidi akamgeukia Ilunga. Ilunga alikuwa akitazama miguu yake.

"Uso, hapana," akasema shahidi. "Mi niliona salopeti ya bluu."

Watu wakaguna. Salopeti ndilo vazi la mgodini, na nusu ya Musonoi ilivaa ya bluu. Nikampelekea jaji jibu lile kama lilivyotoka. Ilunga akaachiliwa.

Karani mkuu alingoja watu watoke. "Nani alikutuma kuhubiri? We ni padri?"

"Hapana, Tata. Nimekosa."

"Basi utalipa."

Alikuwa na haki. Mkalimani haongezi neno, na mimi sikurudia tena. Kama Ilunga aliua au hakuua, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba kosa langu lilikuwa la kulipika, na mwisho wa mwezi walinikata kwenye mshahara: zaire mbili na makuta sabini.