Pembe za Kioo

Jumamosi, saa nne asubuhi, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika mapema kabla sijaanza kuipamba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza katika ukumbi wa jamii hapa Lodwar, siku ya maonyesho ya kazi za mikono, nalinda sanamu isiyofanana na kitu chochote.

Tuliitengeneza mimi na Fundi Majok, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, ambaye kabla ya vita alikuwa akitengeneza taa za neoni za maduka kule Khartoum (likizo nzima amenifundisha kulainisha mrija wa kioo kwenye moto na kuupinda kabla haujarudi kuwa mgumu). Mirija miwili ilikuwa mitupu, wa tatu una gesi na unawaka rangi nyekundu, na huo ndio pekee aliobaki nao, maana ukipasuka huku hakuna mashine ya kuujaza tena. Alitaka apewe chumba chenye umeme pale ukumbini afanyie kazi, na mwenye kuamua ni Mzee Ekai, mwenyekiti.

"Binti, akiuliza ni nini, sema ni kioo tu," Fundi aliniambia. "Usiipe jina."

Basi Mzee Ekai akaja, fimbo mkononi. "Ejok, mtoto," akanisalimu kwa Kiturkana. "Hii ni pembe?"

Watu walikuwa wananitazama, nikaitikia kwa kichwa (mimi huitikia chochote ili mtu aondoke).

Hakuondoka. "Ya ng'ombe yangu? Ile wezi walichukua, wakachinja?"

Nikaitikia tena.

Sasa mnajua mwanamume wa huku na ng'ombe aliyempinda pembe mwenyewe tangu ndama: humwimbia, mikono juu ikiigiza zile pembe. Mzee akaweka fimbo chini, akainua mikono, akaanza, wazee wenzake wakapokea, wakawa wanaruka, na mimi ambaye ningeweza kuwazuia kwa neno moja tu nikanyamaza, meza ikawa inaruka nao, mrija mwekundu ukasogea ukingoni, nikaurukia, sketi ikanasa msumari, nikaanguka na kitambaa na meza na kila kitu, sketi ikabaki juu mimi chini. Pah. Taa ikazimika.

Mzee bado alikuwa ameinua mikono. "Amekufa tena," alisema polepole. "Hii kitu isirudi hapa."

Fundi alinifunika koti lake. "Uliipa jina," akasema, basi, akakimbilia lori kwa sababu pasi yake ya kutoka kambini ilikuwa inaisha jioni.

Asubuhi yake nilimkuta Mzee Ekai akitoa mbuzi zizini. Nikasema yote nikitazama kwato: haikuwa pembe ya ng'ombe wake, ni kioo, niliona haya, Fundi hana kosa.

"Najua," alisema. "Yangu, pembe ya kushoto ilishuka mpaka kwa jicho. Mimi nilitaka kuimba tu." Akachora mchangani. "Huyo fundi anaweza kupinda hivi?"

Shingo yangu ilishaanza kuinama ili niitikie; nikaizuia. "Sijui," nikasema. "Nitamuuliza."

"Muulize. Akiweza, aje tuongee maneno ya chumba."

Nikaenda moja kwa moja kutafuta lori la Kakuma, na njiani nikaapa kwamba kichwa changu hakitajibu tena kwa niaba ya mdomo.