Buti la Kulaza Ngoma Mbili

Gari la zamani la Birago lilikata roho siku ya Jumapili, mbele ya kanisa, waumini ndiyo kwanza wanatoka. Mji mzima wa Effiduase ukashuhudia. Wanaume wakalisukuma hadi uani kwake, naye akatembea ubavuni mkono wake ukiwa juu ya bodi, kichwa juu, wala hakumwangalia mtu. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na ganda la kutu lenye upana wa sahani, akamwonyesha.

"Sawa," Birago akasema. "Limefanya kazi yake. Liache lipumzike."

Basi, kuanzia hapo kila mtu akawa mtaalamu wa magari. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli walimsimamisha sokoni kumweleza mambo ya injini. Aliyezidi wote ni kaka yake, Agyekum, mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa, mtu anayeamini kwamba mwanamke akishaota mvi kazi yake ni kukaa.

"Nunua kadogo," alimwambia huku akila fufu ya Birago mwenyewe, kwa mchuzi wa Birago mwenyewe. "Ka kwenda kanisani na sokoni. Huo mzigo wa ngoma waachie vijana. Siku hizi misiba inapigiwa spika."

"Kaka, malizia nyama yako," Birago alijibu. "Nikitaka spika nitakuita wewe."

Birago alikuwa kiongozi wa waimbaji wa misibani. Katika nchi ya Ashanti, kila Jumamosi kuna mtu anazikwa, na mtu mzima hazikwi kimyakimya. Wanawake wake walijifunga nguo nyeusi na nyekundu, wakaimba kwa kupokezana, na nyuma yao zikalia ngoma. Ngoma kuu zilikuwa mbili, dume na jike, kila moja inamfika mtu mzima kiunoni, nene, nzito. Marehemu mumewe ndiye aliyezichonga, na aliacha sheria zake: ngoma hazipandi juu ya paa la gari, hazisimamishwi kichwa chini, na dume halisafiri gari moja jike likasafiri jingine. Zinalazwa pamoja, ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana Birago hakuwahi kuuliza gari linakwenda kasi gani. Aliuliza buti, pale nyuma pa mizigo.

Na safari hii haraka ilikuwepo. Huko Bekwai alikuwa amefariki bibi wa nyumba kubwa, na familia yake ilikuwa imemwalika Birago. Lakini walisikia habari za gari, wakatuma ujumbe wa adabu sana: kama mama ameshindwa, aseme tu, kuna bwana mmoja wa spika yuko tayari. Birago alijua ujumbe kama huo unamaanisha nini. Vikundi vya Juaben na Mampong alikotoka mama yake vilikufa hivyohivyo. Ukikosa msiba mmoja mkubwa, wa pili hawakuiti, na baada ya hapo wanawake wako wanaanza kuuza nyanya Jumamosi.

Basi akaenda Kumasi, kule Suame, ambako magari yamepangwa kuanzia barabarani hadi macho yanapochoka. Alikwenda na Frema, mwimbaji wake wa pili, mwanamke mwenye sauti nzuri na mdomo usio na breki. Na alikwenda na ngoma jike, imefungwa kitambaa cheupe, imebebwa na mpigaji wao, Ntim, ambaye alilalamika njia nzima.

"Mama, umeleta nini?" akauliza Sarpong, muuza magari, kijana wa miwani ya jua aliyejipaka manukato ya kutosha watu watatu. "Watu wanakuja na pesa, wewe umekuja na pipa?"

"Nimekuja na mwenye gari," Birago akasema. "Mimi ni dereva wake tu. Fungua mabuti."

Sarpong akaanza na jipi la juu, jeusi, la kupandia kwa ngazi. Ntim akainua ngoma hadi kifuani, ikagoma kupita, akaishusha akishika kiuno. Birago akaenda kwenye linalofuata. Hilo lilikuwa na mlango wa nyuma ulioinama kwa urembo, urembo wenyewe ukawa umekula nusu ya buti. La tatu lilikuwa na viti vya ziada vilivyokunjwa sakafuni.

"Hili linabeba watu saba!" Sarpong akasifu.

"Nimekuuliza watu?"

"Mama, ukweli nikuambie. Siku hizi mtu hanunui gari kwa ajili ya mizigo. Ananunua heshima."

"Heshima nilikuja nayo kutoka nyumbani," Birago akasema. "Nionyeshe kule nyuma. Lile refu."

Sarpong akajifanya hakusikia. Frema akamvuta shati. "Kaka yangu, umeambiwa lile refu."

Lilikuwa limesimama peke yake karibu na ukuta, la rangi ya majivu, mgongo wake umenyooka kuanzia kwa dereva hadi mwisho bila kuinama popote. Birago akafungua buti mwenyewe. Sakafu yake ilikuwa sawa kama meza, ya kimo cha goti, na ilikwenda ndani, ndani kabisa. Ngoma jike ikateleza ikalala. Pembeni yake ikabaki nafasi ya dume, ya vigoda, ya kengele, ya sanduku la nguo. Birago akasimama mikono kiunoni. Furaha ilimpanda hadi akasahau kuificha, na mbele ya muuza magari hilo ni kosa.

"Mbona hili hukulitaja?"

"Nilidhani halitakupendeza, mama."

Kumbe Frema alikuwa ameshaingia ndani kuchunguza. Kiti cha nyuma kilikuwa kipya kuliko gari lenyewe. Juu ya vioo vya pembeni palikuwa na vyuma vyembamba, vimekwenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Na sakafuni, chini ya zulia, kulikuwa na mashimo ya skrubu yaliyozibwa, yamejipanga mistari miwili.

"Wewe kijana," Frema akaita. "Gari gani linawekewa pazia?"

"Lilikuwa la muuza maua huko Ulaya," Sarpong akajibu haraka. "Maua hayapendi jua."

"Na mashimo haya ya vyuma vya kutelezeshea mzigo, ni ya maua gani?"

Sarpong akavua miwani. Akaangalia viatu vyake. "Maua yalikuwemo," akasema kwa sauti ya chini. "Juu ya jeneza."

Frema alitoka humo ndani kwa kasi ambayo Ntim bado anaisimulia. Alivuka uwanja mzima, akasimama ng'ambo ya mtaro, akajipangusa mikono kwenye nguo. "Birago! Toa ngoma twende! Gari likishabeba maiti halinyamazi, litadai mwingine!" Mafundi wakaacha spana. Wateja waliokuwa karibu wakasogea mbali. Sarpong, kabla hajaombwa, akaanza kushusha bei.

Birago hakumsikiliza yule wala huyu. Aliweka mkono kwenye sakafu ya lile buti, akaupitisha polepole juu ya mashimo yaliyozibwa. Halafu akavua viatu, akakusanya nguo yake, akapanda. Akajilaza chali kando ya ngoma, miguu imenyooka, macho wazi, mbele ya Suame nzima. Kule ng'ambo ya mtaro Frema alipiga ukelele. Birago akalala humo mpaka minong'ono ikaisha, kisha akaketi na kujitengeneza kilemba.

"Nimelala, nimeamka," akasema. "Ntim, chukua funguo."

Habari ilifika Effiduase kabla ya gari. Alipoingia uani, watoto waliitwa ndani kwa majina yao kamili. Wiki ile hakuna aliyeomba lifti, hata wale wa kila siku. Waimbaji wake walikuja mmojammoja kwa visingizio: huyu mguu, yule mkwe anakuja, mwingine ameota vibaya. Birago aliwasikiliza wote na kuwapa maji ya kunywa. "Jumamosi asubuhi," aliwaambia. "Atakayekuja, aje."

Jumamosi asubuhi walikuja wote, lakini walisimama ukutani na nguo zao za msiba. Ngoma zilikuwa zimeshalazwa ndani, ubavu kwa ubavu. Agyekum alikuja pia, na chupa ya snapsi, ile pombe kali ya tambiko, kwapani na kondoo kwenye kamba.

"Birago, sikiliza," akasema. "Hili gari litamwagiwa pombe na damu, liombewe, halafu liuzwe. Nimeshapiga simu Bekwai. Nimewaambia wamchukue yule wa spika."

"Umewapigia kwa jina la nani?"

"Kwa jina la ukoo. Ukoo hauwezi kuchekwa. Mwanamke mzima, unalala kwenye gari la maiti hadharani! Una wazimu?"

"Nami nimewapigia leo alfajiri, wakanieleza, nikawaambia kaka yangu anazeeka vibaya. Wananisubiri."

Wanawake wengine walicheka, wakajiziba midomo. Agyekum akazidi kupandisha sauti. "Basi nenda peke yako! Nani atapanda humo? Waulize! Nani mwenye akili atakaa mahali palipolazwa maiti?"

Frema aliangalia chini.

"Mimi nitakaa," Birago akasema. "Na kwa kuwa leo mmekusanyika, nitawaambia kwa nini. Kaka, unamkumbuka Adoma?"

Agyekum akaishusha chupa chini. Ni watu wachache pale waliolijua jina hilo. Adoma alikuwa mtoto wa kwanza wa Birago, aliyekufa kwa homa akiwa bado hajaanza shule, miaka mingi iliyopita.

"Niliwaambia alifia hapa mlangoni. Si kweli. Alifia Kumasi, hospitali. Mume wangu alikuwa safarini. Nikamchukua nikaenda naye kituoni, nikawaomba madereva. Wa kwanza akapandisha kioo. Wa pili akaniambia nitampa mkosi. Wa tatu alikuwa mtu wa mtaa huu, simtaji kwa sababu amekufa na nilimwimbia vizuri. Naye akakataa. Wote walikuwa na magari makubwa, mabuti matupu. Basi nikaenda nyuma ya vyoo, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikamfunika kichwa, nikapanda basi na abiria. Nikasema amelala."

Kondoo alilia. Agyekum akaikaza kamba bila kumtazama.

"Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa na machungwa. Akanipa moja. Akasema, huyu mtoto amechoka, akiamka mpe. Nikalipokea. Nikamwambia asante. Nikakaa nalo mkononi hadi Effiduase, na sikulia, kwa sababu ningelia wangetushusha njiani. Sasa nyie mnanifundisha kuogopa gari? Hili lilikubali watoto wa watu. Kila aliyelazwa humu alifika kwao amelala vizuri, amewekewa na pazia. Mimi sitalimwagia damu. Halikufanya kosa. Sina la kulisafisha."

Aliingia kwa dereva, akawasha injini.

Agyekum akasogea hadi dirishani kwake. "Mbona hukuniambia?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ambayo Birago alikuwa hajaisikia tangu wakiwa watoto. "Ningekuja. Hata kwa miguu ningekuja."

"Najua, kaka," akasema. "Lakini kwa miguu ungechelewa, nami nisingeweza kusubiri. Sogeza kondoo wako nipite."

Aliyetangulia kutoka ukutani ni Frema. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akaubamiza kwa nguvu hata vioo vikatikisika. "Na nyie mnangoja picha?" akawafokea wengine. Wakaja waimbaji wazee watatu wakajibana nyuma, wengine wakapanda basi dogo lililokodiwa pamoja na Ntim, na Agyekum mwenyewe akafungua geti.

Walipopita Ejisu, Frema akageuka.

"Alizikwaje?"

"Unajua wanavyozikwa wadogo," Birago akasema. "Jioni, nyuma ya nyumba, watu wawili na jembe. Nikapikiwa chakula, nikaambiwa nile na nisilie, ili nizae mwingine. Mtoto mdogo hapigiwi ngoma."

Frema alitazama barabara. Kisha akasafisha koo na kuanza wimbo ule mkubwa wanaoimbiwa wenye nyumba zao na wajukuu wao, ule waliokuwa wameuandaa kwa ajili ya bibi wa Bekwai. Mahali pa jina la marehemu akaweka Adoma. Wazee wa nyuma walisita, maana jambo hilo halijawahi kufanywa na wao ndio waliopaswa kulikataza. Halafu mmoja akaitikia, na wote wakaitikia.

Birago hakuimba. Machozi yalimtiririka na hakuondoa mkono kwenye usukani kuyafuta. Mbele palikuwa na soko, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, akapunguza mwendo.

"Fungueni vioo," akasema. "Vyote. Wasikie jina lake."